Umbo la Upanga na Maana Yake katika Ulaya ya Zama za Kati

Upanga wa wapiganaji wa kaskazini mwa Ulaya katika karne ya 9 ulikuwa na kengee pana lenye makali pande zote mbili, mpini wa kushikwa kwa mkono mmoja, na kikingio kifupi, yaani kile chuma kinachokatiza baina ya kengee na mpini ili mkono usiteleze. Tangu karne ya 10 kikingio kilianza kurefuka, na ilipofika karne ya 12 upanga uliosimamishwa ncha chini ulionekana kama msalaba. Wapo wanaodai kwamba umbo hilo ni zao la Vita vya Msalaba, lakini dai hilo halisimami, kwa kuwa Papa Urban wa Pili alipotoa mwito wa vita hivyo mwaka 1095 vikingio virefu vilikwisha kuwapo, navyo vilimfaa mpandafarasi aliyehitaji kuukinga mkono wake.

Dini basi haikulibuni umbo hilo. Ililikuta, ikalitwaa, kisha ikalishikilia. Mapanga yalibarikiwa kanisani kabla ya kijana kuingizwa katika daraja la wapiganaji waungwana, na makengee mengine yalichorwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa jina la Bwana". Katika miaka ya 1270 Ramon Llull, mwandishi wa kisiwa cha Majorca, alifundisha kwamba mpiganaji hupewa upanga wenye sura ya msalaba kwa sababu Kristo aliyashinda mauti msalabani, na kwamba makali yake mawili yapo kwa ajili ya kulinda uungwana na haki. Karne ya 14, deraya za mabamba ya chuma zilipowafanya wahunzi wachonge makengee membamba yenye ncha kali ya kudungia, kengee lilibadilika sana, ilhali msalaba ulibaki palepale.

Mapanga ya kifalme yalikwenda mbali zaidi, maana hayakulazimika kupigana. Ala ya upanga wa makaizari wa Ujerumani, unaohifadhiwa Vienna, ina sanamu za watawala 14 ambao husimama wima pale tu upanga unapoinuliwa ncha juu, kama ulivyobebwa mbele ya kaizari; ukivaliwa kiunoni, wafalme wote huwa kichwa chini.

La ajabu kuliko yote ni Curtana ya Uingereza, upanga usio na ncha. Mwandishi wa tarehe Matthew Paris alieleza kwamba mwaka 1236, katika sherehe ya kumtawaza Malkia Eleanor, mwinyi wa Chester aliubeba kama alama ya haki yake ya kumzuia mfalme akikosea. Ufafanuzi huo, uliowapendeza mamwinyi kuliko wafalme bila shaka, haukudumu: Richard wa Tatu alipotawazwa mwaka 1483, upanga butu ulibebwa kama ishara ya rehema. Curtana iliyopo sasa ni kazi ya karne ya 17, nayo pia haina ncha.