Sekunde 55 Bila Dereva

Hapa Muganza, wale ambao majina yao yametoka kwenye orodha ya kwenda nchi za mbali huwa wana swali moja: ni kweli ndege inajiendesha yenyewe? Lori la saruji likipita Bugarama lina shofa, hilo wanaliona. Boti ya Kivu ina nahodha. Ndege je? Swali si la kuchekwa, maana wengi wao watapanda kwa mara ya kwanza wakiwa na watoto mkononi. Jibu langu ni refu kidogo na linaanzia Douala, Kamerun.

Kwetu Kongo tumezoea kulaumu chuma kuukuu. Tangu ile DC-9 ipitilize mwisho wa uwanja wa Goma na kuingia Birere, Aprili 2008, mtu akisikia ndege imeanguka anauliza kwanza: ilikuwa ya mwaka gani? Ajali ya Douala, iliyotokea karibu mwaka mmoja kabla ya hiyo, haijibiki kwa swali hilo. Ilikuwa Boeing 737-800 ya Kenya Airways, haijamaliza hata mwaka mmoja kazini. Ilikuwa inatoka Abidjan kwenda Nairobi, ikapitia Douala kuchukua abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 mvua ya radi ilikuwa inapiga, na ndege za kampuni nyingine zilikuwa zinasubiri itulie. Hii ya Nairobi ikaruka dakika chache baada ya saa sita usiku, bila hata ruhusa ya mnara.

Ndani walikuwepo rubani mkuu wa miaka 52 na msaidizi wake wa miaka 23. Mara tu baada ya kuruka, ndege ilikuwa inaegemea kulia, kidogo tu, kitu ambacho mkono unakirekebisha bila kufikiria. Kisha rubani mkuu akatamka agizo la kuwasha otopailoti. Utaratibu wa kazi yao ni kwamba mmoja anasema, mwenzake anaitikia, kitufe kinabonyezwa, halafu wote wanatazama skrini kuhakikisha alama yake imetokea. Safari hii hakuna aliyeitikia. Alama haikutokea, na hakuna aliyeitafuta. Rubani mkuu aliachia usukani akiamini mtambo umeshika. Kwa sekunde 55 hakuna mkono wala mtambo uliokuwa unaendesha ile ndege.

Hebu hesabu sekunde 55 kimyakimya uone zilivyo ndefu.

Kwa nini hawakuhisi kuwa wanainama? Hapo ndipo mwili unatudanganya sote. Sikio la ndani, linalotuambia tumesimama wima au la, linasikia mgeuko wa ghafla tu. Mgeuko wa polepole haulistui. Aliyewahi kusinzia kwenye basi la usiku kupitia msitu wa Nyungwe anajua: unaamka ukidhani barabara imenyooka, kumbe mko katikati ya kona. Basi hao walikuwa juu ya giza tupu, hakuna taa ya kijiji wala mstari wa upeo wa macho. Vilivyobaki ni vipimo vilivyokuwa mbele yao, navyo havikutazamwa. King'ora cha kuonya kwamba ndege imelala upande kilipolia, rubani mkuu alishtuka, akazungusha usukani kulia, akarudisha kushoto, akapeleka kulia tena. Kulia ndiko walikokuwa wanaangukia.

Watu wote 114 walikufa. Ndege ilizama kwenye matope ya mikoko kilomita tano na ushee tu kutoka uwanjani, lakini waliotumwa kuitafuta walipelekwa kwanza kwenye misitu ya mbali, kusini, na mabaki yakaonekana kesho yake jioni. Hilo linaniuma kama ajali yenyewe. Ndugu walikaa Nairobi wakisubiri habari ya ndege iliyokuwa karibu na mji.

Ripoti ya Kamerun ilitoka 2010. Ilitaja kupoteza mwelekeo gizani, ikataja mkanganyiko wa kutumia otopailoti na wenzi wawili wasioshirikiana: mkubwa mwenye amri nyingi, mdogo asiyethubutu. Sisi tuliolelewa kutomkatiza mzee maneno hatuhitaji kueleweshwa sana. Na wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nanyi mnaijua hali hii kwa sura nyingine: faili ambalo kila ofisi inaamini liko mikononi mwa jirani.

Si Waafrika peke yao, usidhani. Tarehe 29 Desemba 1972, karibu na Miami, Marekani, wafanyakazi wa ndege ya Eastern waliona taa ya gurudumu la mbele haiwaki. Wakaweka otopailoti iwashikilie futi 2,000, halafu wote wakainamia kataa kale. Inaaminika mmoja aliusukuma usukani bila kujua, mtambo ukaacha kushikilia kimo, na ndege ikashuka taratibu mpaka kwenye kinamasi. Mwongozaji wa chini aliona kimo kimefika futi 900. Akawauliza tu mambo yanakwendaje. Walikufa watu 101, na gurudumu lilikuwa zima. Kilichoungua ni taa.

Mwaka 1981 Marekani ilipiga marufuku maongezi na shughuli zisizo za lazima kwa marubani wakiwa chini ya futi 10,000. Miaka hiyohiyo kampuni zikaanza kuwafundisha wasaidizi kusema, na wakubwa kusikiliza.

Otopailoti basi inafanya ulichoiagiza, kama umeiwasha, na haiulizi kama bado upo. Tarehe 15 Agosti 2022 ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum ilifika Addis Ababa na kuupita uwanja ikiwa bado juu, futi 37,000, haijibu redio. Iliripotiwa kwamba marubani wote wawili walikuwa wamelala, na kampuni ikawasimamisha kazi. Otopailoti ilipojizima ndipo king'ora kikalia, wakaamka, wakazunguka, na baada ya dakika kama 25 wakatua salama.