Wanafunzi wa Sheria wa al-Qabil

Asomaye historia ya Unguja hukutana na Sharqiyah katika nasaba kabla ya kukutana nayo katika ramani. Wahirthi, Wabarwani na Wamaskiri, wote hao huturudisha Ibra na vijiji vilivyo jirani yake. Tumezoea kusimuliwa kwamba kutoka huko walikuja wafanyabiashara, mabwana wa mikarafuu na mashujaa wa safari za bara. Ni nadra kusimuliwa kwamba huko pia palikuwa na wanafunzi wa sheria, na kwamba shughuli za wanafunzi hao nje ya darasa ziliigeuza nchi.

Mji wenyewe ni al-Qabil, kusini-mashariki ya Ibra, ukingoni mwa mchanga. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa makao ya Sheikh Saleh bin Ali al-Harthy, kiongozi wa kabila na mwanachuoni, aliyewahi kuwa nguzo ya Uimamu wa Azzan bin Qais (1868–1871). Uimamu ule ulipoanguka, wenyewe hawakuuzika, waliurudisha darasani. Kwa Sheikh Saleh alifika kijana kipofu kutoka Hawqayn, upande wa Rustaq: Abdallah bin Humaid as-Salimi, ambaye baadaye ulimwengu wa Kiibadhi ungemwita Nuruddin. Alipoteza macho angali mtoto. Sheikh Saleh alifariki mwaka 1896, na as-Salimi akabaki Sharqiyah kufundisha.

Upofu wa mwalimu ndio uliowapa wanafunzi kazi yao. Mwalimu asiyeona huhitaji wa kumsomea kitabu, wa kuandika anayoyaimla, wa kumshika mkono safarini na wa kumsomea barua zinazoingia. Hivyo mwanafunzi wa al-Qabil hakuwa msikilizaji tu: alikuwa karani, msomaji na msiri. Aliyemsomea sheikh barua za masheikh wa makabila alijua habari za nchi kabla hazijafika sabla, pale watu walipokutana kwa kahawa na tende. As-Salimi naye alitunga fiqhi kwa mizani ya rajazi, katika *Jawhar an-Nidham* yenye maelfu ya beti, ili sheria ihifadhiwe moyoni na isomwe hata njiani pasipo karatasi. Mimi huiona rajazi hiyo kuwa chombo cha kuwaunganisha watu kama vile gazeti lilivyokuja kuwa baadaye.

Unguja haikuwa mbali na darasa hilo. Kiwanda cha chapa cha Sultan Barghash kilikuwa kimeanza kuchapa vitabu vikubwa vya sheria za Kiibadhi tangu mwanzo wa miaka ya 1880. Kadhi wa Unguja Nasser bin Salim ar-Rawahi, maarufu kwa jina la Abu Muslim, mzaliwa wa bonde la Mahram karibu na Samail, alianzisha gazeti la *an-Najah* mwaka 1911, na tungo zake za kuwahimiza Waomani wamuunge mkono Imamu zilivuka bahari. Maswali nayo yakaenda upande wa pili. Waraka mmoja wa as-Salimi ulijibu swali lililotoka Unguja juu ya Waislamu waliofuata mavazi ya Wazungu na kujifunza lugha zao. Jibu lilikuwa kali. Wengi wetu tunaousoma leo, tukiwa Muscat au London, ni wajukuu wa watu walioulizwa habari zao katika swali lile, na hatuna budi kuusoma kwa tabasamu kidogo.

Wakati huo Sultan Faisal bin Turki alikuwa akizidi kuwategemea Waingereza, na hatua za mwaka 1912 za kudhibiti biashara ya silaha Muscat ziliwaudhi makabila ya bara. Katika madhehebu ya Kiibadhi, suala la Imamu si pambo la mtaala: wanafunzi husoma masharti ya kumchagua, ya kumfuata na ya kumwondoa. Basi Mei 1913, huko Tanuf karibu na Nizwa, somo likafanyika kwa vitendo. Aliyechaguliwa kuwa Imamu ni Salim bin Rashid al-Kharusi, mwanafunzi wa as-Salimi na mkwewe. Mwezi uliofuata Nizwa ikawa mikononi mwao.

Hapo ndipo penye ugumu ambao waandishi wenye mapenzi huupita haraka. Dola mpya ilihitaji fedha. As-Salimi aliona mali ya wakfu wa makaburi iingie katika hazina ya Waislamu. Sheikh Majid bin Khamis al-Abri wa al-Hamra, aliyewahi kumfundisha, alipinga. Yasimuliwa kwamba mwaka 1914 as-Salimi alikuwa njiani kwenda kujadiliana naye alipogongwa na tawi la mti, akaanguka kutoka juu ya punda, na jeraha likamuua. Akazikwa Tanuf. Wanafunzi walibaki na dola pasipo mwalimu. Januari 1915 waliishambulia Muscat, wakarudishwa nyuma na askari wa Uingereza kutoka India. Imamu al-Kharusi aliuawa mwaka 1920, na mwanafunzi mwingine wa as-Salimi, Muhammad bin Abdallah al-Khalili, akachaguliwa. Mwaka huohuo ulitiwa saini Mkataba wa Seeb, na al-Khalili akakaa Nizwa hadi kufa kwake mwaka 1954.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka Dar es Salaam. Kule, kitivo cha sheria ndicho kilichofungua chuo kikuu mwaka 1961, na ndani ya muongo huo wanafunzi waliunda USARF na kuchapa jarida la *Cheche*, ambamo Issa Shivji, aliyekuwa ametoka kusomea sheria, alitoa uchambuzi wake wa matabaka mwaka 1970. Kabla mwaka haujaisha, vyote viwili vilipigwa marufuku. Tofauti sioni kuwa ni ujasiri. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa na dola iliyowatangulia, yenye chama chake na msamiati wake wa mapinduzi. Wale wa al-Qabil hawakukuta dola ila vitabuni.

Tanuf ya zamani ilibomolewa kwa mabomu katika vita vya Jabal Akhdar vya miaka ya 1950. Kuta zake za udongo zingalipo, na wageni huzipiga picha. Jina lenyewe Waomani wengi hulisoma kila siku, juu ya chupa ya maji.