Tume ya Kumtafuta Shetani

Wasee, mnajua serikali ya Kenya iliwahi kuunda tume ya kumchunguza shetani? Sitanii. Oktoba 1994 Rais Moi aliteua tume kuhusu ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Wakasikiliza ushahidi, wakapeana ripoti 1995, halafu ikafungiwa hadi 1999 ndipo wabunge wakaiona. Na jibu? Ati ndiyo, waabudu shetani wapo, wanatoa kafara za watu, wanakula watu, na wamejipenyeza hadi shuleni.

Hebu cheki hiyo miaka vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mabilioni ya pesa za umma yalitoka kupitia Goldenberg, ati ni malipo ya dhahabu na almasi zilizouzwa nje, na nyingi hazikuwepo. Shilingi ikaanguka, bei zikapanda, na wazazi wetu walikuwa vijana kama sisi. Tume ya Goldenberg iliundwa lini? 2003, Moi akiwa ameshaenda nyumbani. Yaani shetani alipata tume yake zaidi ya miaka minane kabla ya dhahabu hewa.

Sisemi mtu alikaa chini akapanga hivyo. Watu waliogopa kweli. Waliona wenzao wakitajirika ghafla bila kazi inayoeleweka, wakasema hii pesa ni ya giza. Na manze, hapo hawakukosea! Ni vile tu hilo giza lilikuwa na akaunti ya benki.

Kinachoniuma zaidi ni shule. Machi 1998 bweni la Bombolulu huko Pwani liliungua, wasichana 26 wakafa. Machi 2001, Kyanguli kule Machakos, wavulana 67. Shule ikiungua hakosi mtu wa kusema ni waabudu shetani. Lakini madirisha ya hayo mabweni yalikuwa na vyuma, na kuna mlango ulikuwa umefungwa. Septemba 2024 tukazika wavulana 21 wa Endarasha, Nyeri, kutoka bweni lililojaa kupita kiasi. Shetani huwezi kumwita kortini umuulize nani alikuwa na ufunguo.

Na hii tabia ni ya zamani kuliko Moi. Oliver Lyttelton, waziri wa makoloni wa Uingereza wakati wa Mau Mau, aliandika kwenye kumbukumbu zake za 1962 kwamba akiandika kuhusu viapo vya Mau Mau alihisi kivuli cha Ibilisi mwenye pembe kikipita juu ya karatasi. Watu walikuwa wanadai ardhi, yeye akaona pembe. Ukishaona pembe, swali la shamba limeisha.

Sasa ni zamu yetu. Msanii akinunua gari, ni Illuminati. Simu yangu imejaa picha za AI za wanasiasa wenye macho mekundu na mkia. Zingine zinachekesha, sikatai. Lakini nani aliwahi kudai risiti kwa kiumbe mwenye mkia? Mwanasiasa akichorwa hivyo anaweza hata kupumua: anaenda kanisani Jumapili, anapiga magoti mbele ya kamera, anatoa sadaka kubwa, kesi imeisha. Tulikuwa tunamshtaki roho, na roho amesafishwa mbele ya watu wote.

Ndiyo maana mimi naona jina kali zaidi tulilowahi kumpa rais ni Zakayo. Zakayo wa Biblia hana pembe. Ana kazi, na kazi yake ni kukusanya ushuru. Ukisema Zakayo shuka, kila mtu kuanzia mama mboga hadi mbunge anajua unaongelea nini: mkate, data, mafuta ya kupikia, vifungu vya Mswada wa Fedha. Juni 26, 2024, Ruto alisema hatautia sahihi.