Rafiki au Mwenyeji? Historia ya Kujitolea katika Msitu wa Karura, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya watu waliojitolea kuutetea, kuutunza na kuutumia Msitu wa Karura jijini Nairobi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2025. Hoja yake ni kwamba neno kujitolea limebeba mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa: kuutetea msitu, kuufanyia kazi, na kuwa na kauli juu yake. Mambo mawili ya kwanza yalitangulia. La tatu lilikuja kwa njia ya sheria, na hadi sasa halijatulia.

Utangulizi

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa jiji la Nairobi, ukipakana na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Barabara ya Limuru inaitenganisha Karura yenyewe na sehemu ya Sigiria. Ndani yake mna mito, maporomoko ya maji, na mapango yanayokumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Leo wakazi wa jiji huingia humo kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, na wengine huja tu kukaa kivulini na watoto wao. Mwanzoni mwa karne hii hali haikuwa hivyo. Msitu ulijulikana kama mahali pa wanyang'anyi, na mtu mwenye akili zake hakupita humo peke yake.

Badiliko hilo huelezwa mara nyingi kama ushindi wa moyo wa kujitolea. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Yanaacha swali ambalo washauri wa sera katika nchi zetu hawana budi kulijibu: anayejitolea kuitunza mali ya umma anapata haki gani juu yake?

Msamiati wa kazi ya pamoja katika kanda

Lugha za kanda yetu zina hazina kubwa ya maneno ya kazi ya pamoja. Tanzania kuna msaragambo. Buganda kuna bulungi bwansi. Rwanda kuna umuganda, unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi na ambao uliwekewa sheria mwaka 2007. Zaire ya Mobutu ilikuwa na salongo, na Kenya ilichukua harambee kuwa wito wa taifa jipya mwaka 1963. Maneno haya hayafanani kwa uzito. Salongo ilikuwa kazi ya amri. Harambee ilianza ikiwa kazi ya mikono na mchango wa hiari, kisha kwa miaka mingi ikaegemea upande wa fedha, hata baadhi ya watu wakaiona kuwa kodi isiyo na stakabadhi. Kiswahili kina neno la kale zaidi kwa kazi ya lazima isiyo na ujira, nalo ni shokoa.

Kujitolea ni neno la aina nyingine. Mzizi wake ni toa. Kiambishi cha kujirejea kinamfanya mtenda kuwa ndiye kitu kinachotolewa, na kauli ya kutendea inaleta lengo: mtu anaitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo fulani. Sarufi ya neno hili inamtaja mtoaji na lengo lake, lakini haisemi lolote kuhusu anachostahili mtoaji baada ya kutoa. Ukimya huo ndio unaofanya mpaka kati ya kujitolea na shokoa uwe mwembamba. Mtu akifanya kazi bila ujira na bila kauli, kinachobaki cha kuzitofautisha hali hizo mbili ni hiari ya siku ya kwanza.

Mtetezi asiye na haki ya kushtaki

Historia ya Karura haieleweki bila kuanza na bustani nyingine ya Nairobi. Mwaka 1989 kampuni yenye uhusiano na chama tawala, KANU, ilipanga kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani kuu ya wananchi katikati ya jiji. Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt lililoanza mwaka 1977, aliandika barua kwa maofisa wa serikali na mashirika ya kimataifa, kisha akaenda Mahakama Kuu. Kesi ilitupwa. Mahakama iliamua kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko yaliyoupata umma kwa jumla.

Uamuzi huo unastahili kusomwa polepole. Bustani ilikuwa ya wote, na kwa kuwa ilikuwa ya wote, mtu mmoja hakuweza kuisemea. Sheria ilimtambua mwenye hatimiliki na ikaitambua serikali, lakini haikumtambua mwananchi aliyesimama kati ya hao wawili. Mradi wenyewe uliachwa baadaye baada ya kelele za ndani na wafadhili wa nje kusita, yaani uliangushwa na siasa na fedha. Haki ya mtetezi ilibaki pale pale ilipokuwa, yaani haipo.

Mche kama hoja

Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Miti ilikuwa imeanza kufyekwa. Maathai na wenzake walichagua njia waliyoizoea, wakaingia msituni na kupanda miche mahali palipofyekwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mitambo ya wajenzi ilichomwa moto katika makabiliano. Tarehe 8 Januari 1999 kundi la watetezi, wakiwamo wabunge wa upinzani na waandishi wa habari, lilikwenda kupanda mti langoni. Walinzi waliokodiwa waliwashambulia. Maathai alijeruhiwa kichwani, na alipokwenda kituo cha polisi alitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kwa ajili ya msitu huo na kukabiliana na polisi. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kusitisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Kwa mtazamo wa lugha, kilichotendwa Karura kilikuwa usemi. Mahakama ilikuwa imewaambia wananchi kwamba hawana la kusema kuhusu ardhi ya umma. Wao walisema kwa mche. Katika jamii nyingi za kanda hii, kupanda mti wa kudumu ni dai la umiliki, na ndiyo sababu katika sehemu nyingi mpangaji haruhusiwi kupanda mwembe au mnazi katika shamba la mwenzake. Waliopanda Karura hawakudai sehemu zao binafsi. Walitumia lugha ya umiliki inayojulikana na kila mkulima ili kudai kitu ambacho lugha ya sheria haikuwa na nafasi nacho, yaani umiliki wa umma unaotetewa na mtu yeyote miongoni mwa umma.

Kutoka utetezi hadi utunzaji

Msitu uliookolewa haukuwa msitu salama. Ugawaji ulisitishwa, lakini wezi wa miti, watupaji taka na wahalifu hawakuondoka. Hapa ndipo kujitolea kulipobadilika sura. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliunda Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na kwa mara ya kwanza ikaruhusu wananchi kuunda jumuiya za misitu zilizosajiliwa, ambazo zingeweza kuingia mkataba na serikali na kushiriki katika usimamizi. Utaratibu huo uliendelezwa na sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2016.

Chini ya utaratibu huo ndipo Friends of Karura Forest, yaani Marafiki wa Msitu wa Karura, walipoanza kazi yao mwaka 2009. Walichangisha fedha za ua wa umeme kuuzunguka msitu. Waliajiri walinzi wa msitu kutoka vitongoji jirani vya kipato cha chini, Huruma kikiwa kimojawapo, vitongoji ambavyo awali vilitazamwa kama chanzo cha uharibifu. Njia zilisafishwa na vibao vikawekwa, na magugu vamizi yakang'olewa. Sehemu zilizokuwa zimepandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni zilianza kurudishiwa miti ya asili kama mihugu. Mbega, waliokuwa wametoweka Karura, walirejeshwa kuanzia mwaka 2014 kutoka eneo la Kipipiri.

Hata hivyo ua na walinzi peke yao hawakuufanya msitu uwe salama. Waliofanya hivyo ni watembeaji. Kadiri watu walivyoingia kwa wingi, ndivyo wahalifu walivyokosa mahali pa kujificha, na ada ya langoni, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa takriban shilingi 100 kwa raia mtu mzima, ikawa mshahara wa walinzi na gharama ya kutunza ua. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Karura methali hii imethibitika kwa maana yake ya moja kwa moja: aliyekuja kustarehe alikuwa pia, bila kukusudia, mlinzi. Sera zinazoitazama burudani kama zawadi ya baada ya uhifadhi zinakosea mpangilio wa mambo. Katika msitu wa mjini, kuufurahia msitu ni sehemu ya kuutunza.

Suala la nani anaufurahia, hata hivyo, haliwezi kukwepwa. Karura imezungukwa na mitaa ya matajiri, ofisi za Umoja wa Mataifa na makazi ya wanadiplomasia. Shilingi 100 ni kitu kidogo kwa mkazi wa Runda, lakini kwa familia ya watu sita kutoka kitongoji ni chakula cha siku. Mwanamke aliyezoea kuokota kuni msituni na mwanamume anayekimbia humo asubuhi kwa ajili ya afya yake wote ni watumiaji wa msitu, lakini hawakaribishwi kwa lugha moja. Jumuiya inayojiita ya marafiki inapaswa kujiuliza kila mara urafiki huo unaanzia kwenye kiwango gani cha kipato.

Rafiki ana kauli gani?

Jina lenyewe linahitaji uchambuzi. Rafiki, neno lililotoka katika Kiarabu, ni mwenza. Anaitwa, anasaidia, na anaweza kuambiwa aondoke. Mwenyeji ni mtu wa namna nyingine. Yeye hupokea wageni, huwajibika kwa yanayotokea nyumbani, na hawezi kuondolewa kwa barua. Sheria ya 2005 iliwapa wanajumuiya sehemu ya wenyeji. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza jambo zito zaidi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kuhitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Mlango uliofungwa mbele ya Maathai mwaka 1989 ulifunguliwa miaka 21 baadaye. Alifariki Septemba 2011, akiwa ameushuhudia ukifunguliwa.

Hata hivyo, haki ya kushtaki si sawa na haki ya kuamua. Hilo lilidhihirika Agosti 2025, KFS ilipoagiza malipo yote ya kuingia Karura yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Serikali ilikuwa na hoja: ada inayotozwa katika mali ya umma ni mapato ya umma, na umma una haki ya kuyaona yakiingia katika mfumo mmoja unaokaguliwa. Marafiki nao walikuwa na hoja: mkataba wa usimamizi wa pamoja hauna maana ikiwa mshirika mmoja anaweza kuhamisha mfuko wa pamoja kwa agizo. Mgogoro ulifika mahakamani.

Ubishi huo wa fedha unarudisha swali la awali katika sura mpya. Fedha za langoni ndizo zilizogeuza kazi ya kujitolea kuwa taasisi: zililipa walinzi na zikatunza ua. Anayeamua matumizi yake ndiye mwenyeji. Wanajumuiya wakibakiziwa kazi ya kung'oa magugu na kupanda miche huku uamuzi wote ukifanyika kwingine, kazi yao itakuwa imerudi karibu na shokoa kuliko wanavyotaka kukiri wale wanaoisifu kwenye majukwaa.

Hitimisho

Historia ya Karura ina mafunzo matatu kwa watunga sera wa kanda, hasa katika miji inayofungua bustani na misitu mipya kwa wananchi. Kwanza, tafsiri za Kiswahili za sheria na mikataba ya misitu zitenganishe kujitolea, kushiriki na kusimamia. Maneno haya matatu yakitumiwa kwa kubadilishana, mwananchi hutia sahihi asichokijua. Pili, mikataba itaje wazi nani anapokea ada, nani anaidhinisha matumizi, nani anakagua, na mshirika mmoja akitaka kubadilisha utaratibu afuate njia gani. Uwazi wa mapato na kauli ya jumuiya vinaweza kukaa pamoja iwapo viliandikwa pamoja tangu mwanzo. Tatu, burudani ihesabiwe kuwa sehemu ya ulinzi wa msitu, na kwa sababu hiyo wakazi maskini wa jirani wawekewe njia ya kuingia isiyowabagua kwa ada.

Miti iliyopandwa Karura wakati wa utetezi huo kwa hatari ya maisha sasa inatoa kivuli kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Hao ndio umma uliotetewa siku ile, na mkataba wowote wa msitu unapaswa kuandikwa kwa namna ambayo wao pia wataweza kuusoma, kuuelewa na kuutetea.