Mjeledi wa sinema: urefu wake na hatari zake

Waliotazama filamu ya Raiders of the Lost Ark ya mwaka wa 1981 humkumbuka Indiana Jones, aliyeigizwa na Harrison Ford, akimpokonya adui bastola kwa mjeledi. Mijeledi hiyo ilisukwa kwa ngozi ya kangaruu na fundi Mmarekani, David Morgan. Uliotumiwa zaidi ulikuwa wa futi 10, yaani takriban mita 3.

Mjeledi wa futi 6 au 8 huchapuka upesi na hufaa mahali finyu. Mrefu zaidi hufika mbali, lakini huenda polepole na huhitaji uwanja mpana.

Hata hivyo, kipimo hicho huhesabu mpini na sehemu iliyosukwa pekee. Ukanda mwembamba wa mwishoni na uzi wa nchani havimo. Hivyo, anayesimama futi 11 kutoka kwa mpigaji akidhani yu salama amejidanganya. Mlio husikika kwa kuwa ncha hupita kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, na jicho halistahimili pigo hilo.

Kuning'inia kwa mjeledi juu ya shimo tuwaachie waigizaji: ngozi iliyojizinga kwenye gogo bila fundo yaweza kufyatuka wakati wowote. Naye anayejifunza avae kofia pana na miwani ya kukinga macho.