Treni ya Uhuru na mashu ya Masisi



Mwezi uliopita mmoja wetu aliuliza: kati yetu, nani ameshapanda treni? Tulijibu wawili tu. Haishangazi. Goma haijawahi kuwa na reli. Tuko na ndege, maboti, malori, pikipiki na chukudu. Niliahidi kuandika, basi leo ninalipa deni.

Neno treni nililisikia kwanza kwa koko yangu. Alizaliwa Kindu, na ujanani alipakia magunia kwenye reli ya CFL, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1902. Reli yao ilikuwa vipande vipande: Kisangani hadi Ubundu, halafu boti mtoni, Kindu hadi Kongolo, halafu tena boti, kisha Kabalo hadi Kalemie, kipande kilichofika ziwa Tanganyika 1915. Ukiangalia ramani unaelewa mara moja: ilichorwa ili mali itoke. Koko alikuwa anasema, "Ile treni ilijua kutoka na mali yetu. Ikirudi, inarudia na chumvi na vitambaa."

Mimi treni yangu ya kwanza niliipanda 2022, Tanzania. Nilikuwa nimemaliza lisansi, nikaenda kuona wakulima wa mbegu za viazi upande wa Mbeya. Kutoka Dar es Salaam nilichagua TAZARA, juu bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya basi, na juu ya koko.

Historia yake kwa kifupi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwao kwenda baharini. Kaunda na Nyerere wakatafuta njia nyingine. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema 1964 kwamba reli hiyo haina faida. China ya Mao, nchi ya wakomunisti ambayo yenyewe ilikuwa bado maskini, ikakubali, mkataba ukatiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ukiwa na mkopo usio na riba. Kazi ilianza 1970. Mwaka 1976 reli ilikabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, madaraja zaidi ya 300. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watu waliiita Reli ya Uhuru.

Sasa nirudi ndani ya behewa. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Mlimba. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako cha wapi hicho?" Nikamwambia cha Goma. Akacheka sana. Kumbe alikuwa kibarua wa reli hii 1972. "Wachina walikula kwao, sisi kwetu," akasema, "lakini kwenye udongo tulishika koleo pamoja. Mkubwa wao naye alichimba. Mzungu gani tulikuwa tumemwona akichimba?"

Mchana tulipita kwenye hifadhi, twiga wakitutazama kama sisi ndio wanyama. Usiku tukafika Mlimba. Kituo kilikuwa giza, lakini chini ya madirisha kulijaa wanawake na taa ndogo: wali, ndizi, kuku. Kijana wa yule mzee akaleta magunia ya mchele wa Kilombero, yakapakiwa kwenda kuuzwa Makambako. Ilichukua dakika chache tu.

Hapo njo nilikumbuka mashu ya mama. Mwaka 2019 alikodi lori na wenzake, wakapakia mashu kutoka Masisi kuja soko la Goma. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye matope kabla ya Sake, siku tatu. Mashu yalifika yameoza, tukayatupa. Zile zilikuwa pesa za minervali yangu. Mama aliuza mbuzi wake wawili ili nifanye mitihani. Kwa hiyo hii diploma ninayojivunia hapa imepita kwenye yale matope.

Nisidanganye lakini. Treni ile ilichelewa masaa tisa. Taa nyingi hazikuwaka, na injini ilisimama mara mbili porini. Na mzee yule hakuimba sifa tupu. Nilipomuuliza juu ya Ujamaa, alinyamaza kwanza. "Mwaka 1974 tulihamishwa kwa nguvu tukae kando ya reli. Mashamba ya baba yangu yako msituni mpaka leo. Lakini reli hiyo hiyo ndiyo imenisomeshea watoto." Sikujua nijibu nini. Mpaka leo sijui.

Nimefikiri sana kwa nini CFL ilimwachia koko maneno machungu, na TAZARA ikamwachia mzee yule maneno mawili yanayopingana. Zote zilijengwa kwa ajili ya mali ya mbali. Ila Mlimba treni ya abiria ilisimama, na mwanamke wa ndizi aliweza kuifikia kwa mguu. Mwaka 2024 China, Tanzania na Zambia zimesaini tena mpango wa kuifufua. Wanazungumza sana juu ya shaba. Mimi mwanakilimo nitauliza tu: je, itaendelea kusimama Mlimba?

Na siku mtu akituletea sisi huku mradi wa reli au barabara, tuulize vilevile, kabla ya kupiga makofi: itasimama wapi, na nani atapakia?

Koko alikufa mwaka jana. Sikuwahi kumuuliza jina la kituo chake. Kama uko na muzee nyumbani aliyefanya kazi Kindu, Kalemie ao Kabalo, muulize leo, kisha utuandikie.