Herini za Waya na Ushanga

Wapo wasemao kwamba mapambo ya ushanga si utamaduni wetu, kwa kuwa shanga za kioo zilitoka Venice na India, na waya wa shaba ukaja kwa meli. Hoja hiyo yaonekana nzito, lakini historia yaijibu.

Kwanza, ushanga ni mkongwe hapa kwetu kuliko jahazi la kwanza. Chini ya mwamba wa Kisese, wilayani Kondoa, zimechimbuliwa shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kilwa nako vimepatikana vigae vyenye mifuo, vilivyotumiwa kusugulia shanga za kombe. Wahunzi wa Kichagga nao walifua chuma wakatengeneza mapambo waliyowauzia Wamaasai. Basi kazi ya kutoboa, kufua na kutunga haikuletwa na mgeni.

Pili, hata bidhaa za kigeni zilipofika, hazikumtawala mwenyeji. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilichukua nguo, shanga na masango, yaani waya mnene wa shaba. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha aina nyingi za shanga. Ile nyekundu, samisami, iliitwa pia kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoitamani. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na chaguo lilibadilika. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mzigo usionunulika, na wapagazi wake wakalala njaa. Kumbe mwenye amri alikuwa mvaaji.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mtungaji, akiwa nyumbani kwake, hukata vipande viwili vya waya vilivyo sawasawa, kwani herini ni pacha. Huzungusha ncha moja kwenye msumari ipate kitanzi cha kuzuia shanga zisidondoke. Kisha hutunga kwa hesabu: kosa la upande mmoja hudhihirishwa na upande wa pili. Mwisho hupinda kulabu, na ncha yake huisugua juu ya jiwe isije ikaumiza ndewe. Hesabu hiyo haikutoka Venice.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili taifa lirudishiwe fahari yake. Hata hivyo, mwaka 1968 iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamaasai waache mavazi yao ya jadi, kana kwamba maendeleo hayawezi kuingia penye shuka na ushanga. Kampeni ilipita, ushanga ukabaki.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili ya herini haimo katika kioo wala shaba, bali katika mkono unaochagua na kuhesabu. Yafaa basi mwalimu amtume mwanafunzi akamwulize bibi yake jina la kila rangi na maana yake, kisha atunge jozi moja kwa mkono wake mwenyewe. Majina hayo yakizikwa pamoja na wenye kuyajua, shanga zitajaa madukani, nasi tutakuwa wanunuzi tu wa kilichokuwa chetu.